Shukrani Ina Mwenyewe

Kama umelazwa kwa ajili ya kifua, na mtu ameketi pembeni ya kitanda chako anakuambia umshukuru Mungu kwa sababu wapo walio na hali mbaya kuliko yako, una ruhusa yangu ya kumgeuzia mgongo ukatazama ukuta. Mimi nilifanya hivyo. Mzee wa kanisa letu alikuja kuniaga kabla sijapelekwa Iringa, akanisomea habari za Ayubu, majipu yake na uvumilivu wake. Nikamwambia Ayubu hakuwa ananyonyesha. Akafunga kitabu chake, akavaa kofia, akaondoka. Sikujuta siku ile na sijuti leo.

Naandika haya kwa kuwa nimepona, na kwa kuwa bado nasikia habari za wanawake wa huku kwetu wanaopelekwa huko huko nilikopelekwa mimi, wakiondoka na kitambaa mdomoni na uso wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Jinsi ugonjwa unavyoingia mapafuni sitaeleza. Waulize madaktari, hiyo ni kazi yao. Nitaeleza benchi, sindano, mwili unaogeuka kuwa wa mtu mwingine, na jinsi nilivyozoea kushukuru kila siku bila kuiacha hasira yangu. Usidhani vitu hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja. Kwangu vinakaa mpaka leo.

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi. Kwa msichana wa Rungwe wakati ule, watu walikutazama kama ng'ombe mwenye pembe tatu. Nikaolewa na karani, mwaka wa kwanza nikaishi kijijini kwao nikilima na kupika, kisha tukahamia Mbeya mjini kwenye kazi yake. Tukapata mtoto wa kike, tukamwita Tusekile, yaani tumefurahi. Nami nilifurahi kweli. Halafu nikaanza kukohoa.

Benchi la hospitali pale Mbeya lilikuwa refu, limeng'arishwa na makalio ya watu. Asubuhi mnakaa mmebanana, mtoto wa huyu juu ya goti la yule. Ukikohoa mara moja, jirani anasogea kidogo. Ukikohoa mara ya pili, unapata nafasi ya kuweka kikapu. Siku niliyotema damu benchi zima lilikuwa langu. Nilikaa katikati na Tusekile mapajani, nikiwatazama watu waliosimama ukutani, nikasema kwa sauti, "Karibuni mkae, nafasi ipo." Hakuna aliyecheka.

Daktari akasema nisimnyonyeshe mtoto tena, tangu saa ile. Jioni ya kesho yake mama mkwe alishuka kutoka Rungwe, akamfunga mtoto mgongoni kwake, akapanda lori la mkaa, akaenda naye. Alifanya haraka kama mtu anayeokoa godoro nyumba ikiungua. Tusekile alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika kiti.

Hakuna aliyenieleza kuhusu maziwa. Matiti hayajui habari za daktari. Yalijaa, yakawa magumu kama viazi, nikayafunga kwa khanga mpaka nikashindwa kupumua. Usiku na mchana nilikuwa nayakamulia chini, kwenye vumbi, huku mtoto wangu analishwa maziwa ya ng'ombe na mwanamke mwingine. Kama lipo jambo katika ugonjwa wote ule ambalo sijalisamehe, ni hilo, na sijui nimsamehe nani.

Mvua zilikuwa zinakatika nilipopanda basi kwenda hospitali ya misheni upande wa Iringa, yenye wodi ya watu wa kifua. Pale Nyololo basi lilisimama abiria wanunue viazi vya kuchemsha. Waliporudi, utingo akaniomba nihamie kiti cha nyuma kabisa, kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye viatu vyangu. Nikahama. Vumbi lote la barabara ile nililila mimi.

Wodi yetu madirisha yalikuwa wazi mchana na usiku, kwa amri. Hewa safi, walisema. Hewa safi ya Iringa mwezi wa sita, atakayeisifu na aje alale nayo. Kila mgonjwa alikuwa na kopo lake la makohozi lenye kifuniko, na kila asubuhi alikuja dresa, Mbena mmoja mwenye mikono mikubwa, na sinia lake la sindano. Sindano kila siku, leo kulia kesho kushoto, mpaka makalio yakawa kama udongo wa kichuguu na sindano ikawa inatafuta mahali pa kuingia. Masikio yakaanza kulia kama nyenje. Halafu kuna dawa ya unga, chungu, inayopanda na kushuka tumboni siku nzima. Nywele zilinitoka kwenye kitana. Pete ya ndoa ilianguka yenyewe nilipokuwa nanawa uso, nikaiokota na kuivaa kwenye kidole gumba.

Kitanda cha jirani alilala mama Lukelo, Mhehe wa Kihesa, muuza ulanzi, pombe ya mianzi. Alikuwa mkubwa kuniliko, mfupi, mwenye maneno mengi, na alijisifu kupita kiasi. Alidai hakuna mwanamume wa Iringa mjini ambaye yeye hajapata kumwona akiwa amelewa. Asubuhi alinisalimu "Kamwene," nami sikumjibu. Siku ya tatu au ya nne akaacha kunisalimu mimi, akaanza kulisalimu kopo langu. "Kamwene, kopo. Mwenyeji wako kaamkaje? Bado kanuna?" Wodi nzima ikacheka. Nikamwambia mimi sicheki na walevi. Akasema yeye hanywi, anauza tu. Msomi gani mimi nisiyejua tofauti ya duka na mteja.

Huyu ndiye aliyeanzisha mchezo wa jioni. Nauita mchezo kwa kuwa yeye mwenyewe aliuita hivyo. Tukishakunywa uji, kabla taa haijapunguzwa, kila mmoja alitakiwa kutaja shukrani moja. Ilikuwa na masharti. Iwe ya leo, si ya jana. Iwe na mwenyewe, mtu unayeweza kumtaja. Na kabla ya jioni inayofuata, imfikie mwenyewe huyo kwa mdomo wako. Mungu haruhusiwi kutajwa. Nilidhani ni kufuru, nikauliza kwa nini. Akasema Mungu ana kanisa zima linalomshukuru kila Jumapili kwa ngoma na vinanda. Huyu anayemwaga makopo yetu anashukuriwa na nani?

Wala hakuutoa kwenye Biblia. Aliutoa kilabuni. Mteja usipomshukuru leo kwa jina lake, alituambia, kesho anakunywa kwa jirani.

Zamu yangu ya kwanza nilisema namshukuru kiroboto aliyeniuma mchana, kwa kuwa ndiye kiumbe pekee ambaye hajakiogopa kifua changu. Nilikusudia kuwakera. Mama Lukelo akanitazama kwa makini. "Vizuri," akasema. "Ina mwenyewe, na ni ya leo. Sasa mtafute umwambie." Vicheko vikageuka kikohozi, kitanda hadi kitanda, mpaka sista akaja na taa kuuliza nani anakufa.

Kesho yake nilitaja kitu kingine, ili mradi tu. Lakini sharti la tatu ndilo linalokushika koo. Kutaja ni rahisi. Kumwendea mtu ukamwambia uso kwa uso ndiyo kazi. Nilikuwa nimeona kwamba yule dresa, asubuhi za baridi kali, kabla hajamgusa mgonjwa, huifikicha mikono yake na kuishika juu ya birika la maji ya moto. Hakuna aliyemwagiza. Nikaitaja jioni. Asubuhi alipofika kitandani kwangu nikamwambia, nikiwa nimelala kifudifudi na nguo imepandishwa, "Bwana dresa, asante kwa kupasha mikono." Akasema, taratibu, "Mama Tusekile, tangu nianze kazi hii watu hunitukana tu. Jana wewe mwenyewe uliniita mchinjaji." Nikamwambia, "Na sindano yako bado ni ya mchinjaji. Nimeshukuru mikono." Akacheka, akanichoma. Iliuma vile vile.

Nataka uelewe hapa. Sindano iliuma vile vile. Shukrani haikupunguza maumivu hata chembe, na atakayekuambia inaponya mapafu ni mwongo; kilichoniponya ni dawa ile na miezi mingi ya kulala. Ila kabla ya siku ile nilikuwa naangalia siku nzima kwa jicho la kutafuta adui. Sasa ilinibidi, kwa ajili ya jioni, nitafute pia kitu kimoja kisicho adui. Nikitafuta, naona. Nisipotafuta sioni, hata kikiwa kimesimama mbele yangu kinapasha mikono.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa mume wangu alikuja. Mara moja tu katika mwaka mzima, ndiyo hiyo. Alikaa kwenye kigoda mbali na kitanda, kofia mapajani, akaniambia habari za kazini. Nikamuuliza habari za mtoto. Akasema anatembea. Kisha akasema, akiigeuzageuza ile kofia, kwamba mtoto amekwisha kumzoea bibi yake, anamwita mama. Kwamba mama anaona ni vizuri akae huko moja kwa moja. Na ndugu wanasema kwa hali yangu hii ni heri atafutiwe mke mwingine wa kumsaidia.

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi ni mtoto wao. Nina la kusema?"

"Na baba yako?"

"Baba hajasema kitu."

Kwetu mzee asiposema amekubali. Na huyo mzee, lazima nikueleze, nilikuwa sijawahi kumwona uso. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwaka ule nilioishi kijijini kwao, nikisikia kikohozi chake njiani nilikimbilia migombani na kujifunika kichwa mpaka apite. Naye akijua mimi niko kisimani, alizunguka mbali. Jina lake situmii, hata hapa. Ukristo umelegeza mambo mengi kwetu, hilo haukulilegeza nyumbani kwake. Ni heshima, si chuki. Lakini siku ile niliona ni njia nzuri sana ya kumnyang'anya mtu mtoto wake: huhitaji hata kumtazama usoni.

Nilimfukuza mume wangu. Nilimrushia kikombe, kikampita. Nilikohoa mpaka kopo likawa jekundu, na sista akaniweka chini ya amri ya kutoamka.

Jioni mama Lukelo akadai shukrani. Nikasema leo sina. Akasema mume wangu si amekuja, wapo wanaume wasiokuja kabisa. Nikamwambia na yeye asiniletee hiyo ya wapo walio na hali mbaya kuliko mimi. Akasema, "Haya, simtetei. Lakini tafuta. Mwanzi wa ulanzi unauchonga ncha kila siku, utoe maji yake. Ukiuacha siku moja kwa sababu una msiba, unaziba, na msiba haukulipi."

Nilitafuta kwa muda mrefu. Mwisho nikasema namshukuru mume wangu kwa kuniambia. Angeweza kukaa kimya, nikarudi nyumbani nikakuta yamekwisha. Mama Lukelo akauliza itamfikiaje. Nikasema nitampelekea mwenyewe, kwa miguu yangu. Tangu jioni ile nikaanza kula. Unga ule wa dawa nilikuwa nautapika nusu na kumficha sista, nikaacha kuutapika. Nilikuwa na watu wa kuwaendea.

Mvua za kwanza zilipogonga bati, mama Lukelo akaruhusiwa. Alisema mianzi inamsubiri. Aliaga wodi nzima kitanda kwa kitanda, akashukuru kila mtu kwa jina na kwa jambo lake, hata aliyemwibia sukari. Kwangu akasema, "Wewe nakushukuru kwa hasira. Ilinipa kazi ya kufanya humu ndani." Nilibaki natazama shuka lililokunjwa kitandani kwake, nikamchukia wiki nzima kwa kupona kabla yangu.

Kitanda kile alipewa binti Msangu kutoka Madibira, msichana mdogo aliyelala amejifunika gubigubi. Jioni ya kwanza nikamwambia masharti. Hakujibu. Nikataja yangu mwenyewe, kwa sauti, kama mwehu. Hivyo hivyo mvua zikanyesha, ukungu ukaingia madirishani, mimi nataja, yeye kimya. Kisha jioni moja, ndani ya blanketi, sauti ndogo ikasema anamshukuru mama wa jikoni kwa kumkorogea uji uwe mwepesi. Nikamuuliza atamwambia lini. Akasema, "Kesho, shangazi." Nikajikuta nimeitwa shangazi na binti ninayempita miaka michache tu. Ndipo nikajua sura yangu imekuwaje.

Lakini mwili ulikuwa unarudi. Kwenye mizani nilikuwa napanda, kidogo kidogo. Mbavu zilizama tena chini ya ngozi. Pete ikarudi kidole chake. Nywele zikaota, laini kama za mtoto mchanga. Mvua zilipokaribia kukatika, daktari akasema makohozi yangu ni safi, nimalizie dawa, kisha niende.

Ilikuwa katika siku hizo, barabara ikiwa imeanza kukauka, dresa alipokuja mbio kutoka nje. "Mama Tusekile, una mgeni. Mzee, na mtoto. Ila nadhani ana ugomvi na wewe, nimemwelekeza wodi akageuka akatupa mgongo."

Mtu mmoja tu duniani angesafiri mpaka Iringa aje anipe mgongo.

Nilijitanda blanketi kichwani, nikatoka mpaka kwenye nguzo ya baraza, nikajibana nyuma yake. Pale uani, kwenye majani, alikaa mzee mwenye koti la zamani, ameelekea ukuta wa jiko. Mgongo wake ulikuwa mpana kuliko nilivyofikiri. Pembeni yake kichane cha ndizi mbivu. Na katikati yetu, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, mtoto mwenye gauni kubwa, ananitazama kama anavyotazamwa mbwa wa jirani.

Hakunijua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kila siku ya mwaka ule, na halikusaidia kitu kujiandaa.

Dresa, kwa wema wake wote, akamshika mzee bega. "Mzee wangu, geuka basi. Mkweo huyu hapa, amenenepa." Mzee akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Dresa akazidi kumvuta. Mimi nilikuwa nusu nikimbie.

"Mwache, bwana dresa," nikasema. "Hatujagombana. Sisi hivi ndivyo tunavyosalimiana."

"Kwa migongo?"

"Kwa migongo."

Akajikuna kichwa. Akasema amekwisha kuishi na makabila mengi, lakini Wanyakyusa tunamshinda.

Ndipo mzee akaongea. Kiswahili chake kilikuwa cha machimbo ya Chunya, alikofanya kazi ujanani, na aliongea na dresa, au tuseme na ukuta. "Bwana, umwambie huyu aliye nyuma yangu. Nyumbani wamesema sana. Mimi sikusema, kwa sababu pale nyumbani maneno ni mengi, la kwangu lingepotea. Nikaona nitembee. Mtoto huyu ana mama. Nimemleta amwone."

Dresa akanigeukia. "Anasema kwamba—"

"Nimesikia."

"Sasa mimi hapa nafanya kazi gani?"

"Simama hapo hapo."

Mzee akaendelea, taratibu. "Umwambie tena. Mwaka mzima nilikula chakula chake. Ndizi zake zilikuwa laini, meno yangu ni mabovu, alijua, sijui nani alimwambia. Sijawahi kumshukuru. Njia haikuwapo."

Nilikuwa nimeshika ile nguzo. Mtu niliyemhesabu kati ya adui zangu tangu mahindi ya mwaka jana alikuwa amepanda basi kwa mara ya kwanza katika uzee wake, amelala njiani na mtoto kifuani, amekuja kunirudishia kilicho changu. Na mimi, mtaalamu wa shukrani wa wodi nzima, sikuwa na mdomo wa kumwambia. Ningemtuma dresa, ingefika, lakini ingefika imepoa.

Mzee alikuwa amekwisha kufikiri kabla yangu. Alichuma ndizi moja kutoka kwenye kile kichane, akampa mtoto. "Mpelekee mama."

Tusekile aliichukua, akaja mpaka katikati ya ua, akasimama, akaimenya, akaila yote akinitazama. Dresa akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee, bila kugeuka, akauliza imefika? Dresa akasema imeliwa njiani. Mzee akatoa nyingine.

Ya pili aliirusha kutoka mbali, ikaangukia ngazini. Nikaiokota. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, "Mwambie babu, ndaga." Ndiyo asante yetu. Alinitazama kinywa, akakimbia kwa mzee, akamwambia kitu sikioni. Ya tatu aliiweka chini, mguuni kwangu, akarudi kinyumenyume. "Mwambie babu, ndaga." Safari hii nilisikia, sauti nyembamba uani: "Daga." Mabega ya mzee yakatikisika. Sijui alikuwa anacheka au vipi, nilikuwa naona mgongo tu.

Ya nne aliniwekea mkononi. Mkono wake ulikuwa wa moto na unanata. Nikaimenya, nikaikata katikati, nikampa nusu, tukala pamoja ngazini, yeye amesimama kati ya magoti yangu akichunguza nywele zangu fupi. Kisha akaanza kwenda na kurudi mwenyewe bila kutumwa, mara na ndizi, mara na jani, mara mikono mitupu, na kila mara akifika kule anasema lile neno, mpaka mzee akawa anamjibu, "Imefika, imefika, tosha." Kinywa cha mtoto hakina mwiko. Shukrani yangu ilimfikia mwenyewe ikiwa ya moto, siku ile ile.

Basi la kurudi lilikuwa la mchana. Mzee akainuka, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Tusekile akaushika. Walipofika lango alielewa kwamba mimi siendi nao. Akalia. Alijitupa chini, akalia mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani, akinyoosha mikono kwangu. Dresa alinitazama kwa huruma. Huruma ya nini? Mwaka mzima niliogopa mtoto ataondoka mbele yangu bila kugeuka. Jioni ile, zamu yangu ilipofika, nilimwambia yule binti wa Madibira kwamba namshukuru Tusekile kwa kulia.

Nilitoka hospitali baridi ikiwa imeanza tena. Mume wangu alinipokea Mbeya stendi. Mke mwingine hakutafutwa, au alitafutwa hakupatikana, sikuuliza. Nilimpa shukrani yake ya mwaka jana, ile ya kuniambia ukweli, pale pale kati ya watu na mizigo. Kisha nikampa na hasira yangu, nayo nilikuwa nimemwekea. Alizipokea zote mbili, akabeba sanduku langu, akaniuliza twende nyumbani. Nikasema tunaanza Rungwe.

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage uani. Tusekile aliniona, akaja. Hakukimbia; alikuja tu, akanishika sketi, kama mtu anayeshika kitu chake. Mama mkwe aliona. Akaendelea kupepeta.

Nilipiga magoti mbele yake, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimejaa maneno ya mwaka mzima, na mengi yalikuwa ya kweli. Lakini mtoto aliyenishika sketi alikuwa mnene, ngozi inang'aa, meno yote, hakuna hata kidonda mguuni. Hayo nayo yalikuwa ya kweli, na yalikuwa na mwenyewe. Nikaanza na hayo. Nikamshukuru kwa maziwa. Nikamshukuru kwa kumbeba siku ile ya lori. Nikamshukuru kwa homa alizokesha naye ambazo mimi sikuzijua. Alisikiliza, ungo umesimama mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mbona unanishukuru kama mtu anayeaga?"

"Naaga, mama. Nimekuja kumchukua."

Alinitazama. Nilimtazama. Baba Tusekile alikuwa amesimama mlangoni na sanduku, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anasema na mama yake. "Anakwenda na mama yake, mama." Hakusema zaidi, na sauti haikuwa kubwa, lakini aliisema.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akakaa sana, mpaka nikaanza kuogopa. Alitoka na khanga, ile ile aliyomfungia mtoto, akamweka Tusekile mgongoni kwangu kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo, akalijaribu kama linashika. Kisha akasema, sauti ikiwa kavu, akitazama maharage yake, "Halali mpaka umkune mgongo. Hapa chini, siyo juu. Ukimkuna juu anaamka."

"Ndaga, mama," nikasema, nikaondoka naye.